Rubani Mzee Akistaafu, Kijana Alipe Kiasi Gani?

Desemba 2007 Marekani ilipandisha umri wa mwisho wa marubani wa mashirika ya ndege kutoka miaka 60 hadi 65. Wakongwe walipumua. Vijana waliokuwa kwenye foleni waliona viti walivyovitegemea vikibaki na wenyewe kwa miaka mitano zaidi, na mwaka uliofuata uchumi ukayumba, wengine wakasimamishwa kazi. Nawakumbusha wazazi na vijana kisa hiki kwa sababu shule za urubani zinauza kozi zao kwa hoja ileile tena: marubani wanazeeka, nafasi zinafunguka, lipa uanze.

Kwamba wanazeeka ni kweli. Kizazi kikubwa kilichoajiriwa miaka ya 1980 na 1990 kinafika 65 katika muongo huu. Baraza la Wawakilishi lilitaka umri uwe 67, lakini sheria ya Mei 2024 ikaubakiza palepale. Boeing nayo ilikadiria mwaka huohuo kwamba dunia itahitaji marubani wapya 674,000 katika miaka 20. Anayekadiria hapo ni muuza ndege, lakini kwamba wengi watahitajika sina shaka nako.

Shaka yangu iko kwenye tarehe. Mwaka 2020, korona ilipozuia safari, mashirika yaliwalipa wazee wastaafu mapema. Abiria waliporudi marubani hawakutosha, na Juni 2022 mashirika madogo yaliyo chini ya American Airlines yakatangaza dola 90 kwa saa kwa rubani msaidizi anayeanza. Vijana wengi wakakimbilia mikopo. Mwaka 2024 Southwest na United zikasitisha kuajiri kwa muda, kwa kuwa ndege mpya za Boeing zilichelewa kufika. Wazee waliendelea kustaafu mwaka huohuo, ila kiti kinachoachwa hakina faida kwa kijana kama shirika halina ndege ya kuongeza.

Katikati ya mkopo na ajira kuna saa 1,500 za kuruka. Baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50, sheria ilibadilishwa, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria sharti awe na saa hizo, isipokuwa wachache wanaopunguziwa. Leseni ya kibiashara unaweza kuipata ukiwa na saa 250. Zinazobaki wengi huzipata kwa kufundisha wanafunzi wengine, kazi ya mwaka mmoja na nusu au miwili kwa mshahara mdogo. Kwa hiyo mnunuzi ajiulize: siku nitakapofikisha saa 1,500, nikikuta hawaajiri, nitakuwa nadaiwa kiasi gani?

Njia ya haraka ni shule kubwa zinazokutoa sifuri hadi ukufunzi kwa chini ya mwaka, kwa zaidi ya dola 100,000. Chukua mkopo wa 100,000 kwa riba ya asilimia 12, miaka kumi: utalipa kama dola 1,435 kila mwezi, na mwisho utakuwa umetoa zaidi ya dola 172,000. Hata hivyo wanaoitetea wana hoja nzito. Katika mashirika ya Marekani tarehe ya kuajiriwa ndiyo huamua karibu kila kitu: ndege utakayorusha, likizo ya Krismasi, na nani aanze kuondolewa mambo yakiharibika. Kwa kuwa 65 haisogei, mwaka unaochelewa mwanzoni unakukata mwaka wa mwisho wa mshahara wa kapteni, ambao ndio mnono kuliko yote.

Njia ya polepole ni uwanja mdogo wa karibu na kwako, unalipa kila unaporuka. Ukikodi Cessna 172 kwa dola 180 kwa saa, saa 250 ni 45,000. Ongeza mkufunzi wa saa 120 kwa dola 60, unafika 52,200, kabla ya ndege ya injini mbili, mitihani na leseni ya kufundisha. Itakuchukua miaka miwili au mitatu huku ukifanya kazi. Ubaya wake naujua: ukikaa mwezi mzima bila kuruka, somo lijalo unalipia kurudia ulichosahau.

Chuo kikuu kinachofundisha urubani hupunguza sharti hadi saa 1,000, lakini kwenye vyuo binafsi gharama yote inaweza kupita dola 200,000. Sioni mantiki ya kununua saa 500 kwa bei hiyo, labda kama shahada yenyewe unaitaka. Jeshi halikutozi ada na sharti ni saa 750, ila Jeshi la Anga hudai utumishi wa miaka kumi baada ya mafunzo, na lazima uwe raia.

Kijana wa miaka 22 asiye na mtegemezi anaweza kuibeba njia ya haraka. Mwenye watoto, anayetuma pesa nyumbani kila mwezi, namsihi achague uwanja mdogo.

Mzazi aliyeko Nairobi au Dar es Salaam aangalie jambo jingine kwanza. Viza ya M-1 ya masomo haimruhusu mwanao kubaki Marekani miaka miwili akifundisha ili afikishe saa. Asiye na haki ya kufanya kazi Marekani hagusi viti hivyo vya wastaafu. Akirudi, leseni ya Marekani haitoshi kurusha ndege iliyosajiliwa Kenya au Tanzania mpaka mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo (KCAA au TCAA) iithibitishe au aibadilishe. Ulizeni gharama hiyo kabla ya kukata tiketi.

Na popote utakaposoma, cheti cha daktari cha daraja la kwanza kitangulie ada, kwa sababu moyo au macho yanaweza kukufungia kazi hii mapema. Ada nayo ilipwe kidogokidogo. Februari 2008 Silver State Helicopters ya Nevada ilifungwa ghafla, wanafunzi wakabaki na mikopo ya masomo ambayo hawakuyamaliza. Shule ikidai pesa yote kabla ya somo la kwanza, tafuta nyingine.