Tumbo la siku ya hesabu

Huenda nyumbani unaye kijana wa sekondari ambaye kila siku ya mtihani wa hesabu huamka analalamika tumbo, viganja vinatoka jasho na chai haipiti. Ukimpeleka zahanati, vipimo havionyeshi kitu. Mtihani ukishapita, anakula kama kawaida. Wazazi wengi humwita mvivu, na wengine humchapa. Kumbe tumbo linamuuma kweli, na linaloliuma ni hofu ya hesabu, ambayo haionekani katika damu.

Hofu hii hupimwa kwa maswali. Mwaka 1972 wanasaikolojia wa Marekani, Richardson na Suinn, walitoa dodoso la maswali 98 (kijana gani atalimaliza bila kuchoka?). Mwaka 2003 Hopko na wenzake wakatoa fupi, lenye maswali 9 tu. Mwanafunzi hutajiwa jambo, mathalani kumtazama mwalimu akikokotoa ubaoni, au kuufikiria mtihani wa kesho, naye hutaja hofu yake kwa namba: 1 ni ndogo, 5 ni kubwa sana. Jumla huanzia 9 na kuishia 45. Kipimo hiki hakimtangazi mtu kuwa mgonjwa. Humlinganisha na wenzake, au na alivyokuwa yeye mwenyewe mwanzo wa muhula.

Kwa nini tusitazame alama za mtihani tu? Kwa sababu mwaka 2001 Ashcraft na Kirk walionyesha kuwa hofu huchukua nafasi ile ile ya akili inayoshikilia namba wakati wa kukokotoa. Basi kijana aliyeelewa somo anaweza kufeli, na bakora humzidishia kile kilichomfelisha.

Nasi wazazi tumo. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2015 uliona kuwa watoto wadogo waliosaidiwa mara kwa mara kazi za nyumbani na wazazi wanaoogopa hesabu walijifunza kidogo zaidi, na hofu yao ikaongezeka. Ile kauli ya “hata mimi hesabu zilinishinda” tuiache.

Jioni moja, mkiwa mmetulia, muulize namba yake. Akisema 5 kwa mtihani na 2 kwa darasani, mpe maswali ya mitihani ya zamani ayafanye nyumbani bila kuhesabiwa dakika. Ikiwa ni 5 hata darasani, kamwone mwalimu wake. Na tumbo likimuuma hata siku zisizo na hesabu, mrudishe zahanati.