Kopo la Sokoni na Akili ya Kaka

Sogeeni mkekani, wapwa zangu. Treni ikipita tutanyamaza. Ikishapita tutaendelea.

Jana mdogo wenu aliniuliza kwa kunong'ona: "Mjomba, kaka ameletewa barua shuleni, eti akapimwe akili. Kwani ni chizi? Watampeleka Mirembe?"

Hongera, mpwa wangu! Swali lililokuwa linakukosesha usingizi umelileta kwa mtu mzima. Kaka yako si chizi. Na Mirembe, kule Dodoma, ni hospitali. Wanaotibiwa kule ni wagonjwa, na mgonjwa hachekwi.

"Basi kwa nini apimwe?"

Kaka yuko kidato cha kwanza. Alama zake zimeporomoka. Akiambiwa asome kwa sauti, anakohoa mpaka zamu impite. Mmoja akasema ni mvivu. Mwingine akasema amerogwa. Mimi nikasema tufunue chungu kwanza.

Mnamwona mama akipika maharage? Yamechemka na kuchemka, bado magumu. Je, anakichapa chungu? Hakichapi! Anafunua mfuniko. Anatazama. Maji yamekauka? Moto umefifia? Au maharage yenyewe ni ya siku nyingi? Kumpima mwanafunzi ni kufunua mfuniko.

Wataanza na macho na masikio. Hapa kwetu mnakutana na wanafunzi wa Shule ya Viziwi Buguruni, wanapiga soga kwa mikono na kucheka. Akili wanazo tele. Lakini mtoto asiyesikia vizuri akifundishwa kwa mdomo tu, ataitwa mzito, naye si mzito.

Halafu kaka atakaa na mwanasaikolojia.

"Atachomwa sindano?"

Hakuna sindano. Ataulizwa analala saa ngapi, rafiki yake nani, nini kinamliza. Kijana wa miaka 14 anaweza kubeba huzuni iliyojaa kama ndoo, na nyumba nzima wasiione. Mama naye ataulizwa. Kaka atasoma habari fupi. Atatajiwa namba, azirudishe kinyumenyume: 7, 2, 9. Jaribuni! Atapewa vipande, apange umbo.

"Halafu atapewa namba ya akili yake?"

Hapo ndipo ninapomtaka Kopo.

Paliondokea Kopo, mezani, soko la Buguruni. Alipima unga. Alipima mchele. Alipima karanga. Akavimba kichwa: "Hakuna nisichokipima!" Akaja mama na kanga. Kopo akasema, "Mkunje, mtie ndani." Kanga akakunjwa, akasukumwa, akachomoza. Kopo akatangaza, "Huyu hafai!"

Kanga akamjibu taratibu, "Ndugu yangu Kopo, mimi si unga. Nitandazeni." Fundi cherehani akamtandaza, akavuta futi yake. Ndipo urefu wa Kanga ukaonekana.

Kipimo cha akili nacho ni kopo. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni. Msaada! Binet hakukubali kwamba akili ya mtoto imegandishwa, haiongezeki. Lakini wengine waliokuja baada yake, kule Marekani, wakaligeuza kopo kuwa muhuri wa kumpiga mtoto usoni. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Kaka yenu anajua chenji kabla mteja hajafungua mkoba. Nani ameipima hiyo? Atakayetuletea namba tupu, bila kutueleza kaka anakwama wapi na asaidiwe vipi, nitamwambia kazi yake hajaimaliza.

Sasa sikieni la Bagamoyo. Si mbali. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto wa shule za kule, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Kwanza waliwapima. Wakawafundisha kidogo, haikufika hata saa nzima, namna ya kupanga vitu kwa makundi na kuuliza maswali yanayokaribia jibu. Kisha wakawapima tena. Alama zikapanda! Na aliyekuwa nyuma mara ya kwanza, si lazima awe nyuma mara ya pili.

"Walinyweshwa dawa gani, Mjomba?"

Hakuna dawa. Walionyeshwa njia tu. Umewahi kumtuma mgeni mtaa wa Malapa bila kumwelekeza? Atapotea. Mwelekeze mara moja, kesho anakwenda peke yake. Miguu ni ile ile.

Haya, treni hiyo. Tunyamaze.

Imepita. Kaka anakwenda Jumatatu. Shati lake limeshapigwa pasi. Mimi nitamsindikiza, nitakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe.

"Na asipojua kujibu, Mjomba?"

Nitamwomba yule mpimaji amwonyeshe, halafu ampime tena.

"Kama Bagamoyo?"

Kama Bagamoyo, mpwa wangu.