Kauli ya Mzee Juu ya Siha Yake

Miongoni mwa vipimo ambavyo tabibu aweza kumfanyia mtu aliyetimiza umri wa miaka 65, kimoja hakihitaji sindano wala tone la damu, nacho ni kumwuliza: kwa umri wako huu, waionaje siha yako, ni njema sana, njema, ya wastani, dhaifu, au mbaya? Waliozoea mizani na darubini huenda wakaidharau kauli itokayo kinywani mwa mkongwe, wakidhani ni manung'uniko ya uzee, au majivuno ya mtu asiyetaka kukiri kwamba nguvu zimempungukia. Lakini ushahidi uliokusanywa kwa miaka mingi wawakanusha.

Ushahidi mmoja mashuhuri ulitoka Manitoba, jimbo la Kanada, ambako wazee 3,128 waliulizwa swali hilo mwaka 1971, kisha wakafuatiliwa miaka kadhaa. Jana Mossey na Evelyn Shapiro walipotangaza matokeo mwaka 1982, ilidhihirika kwamba waliojihukumu kuwa na afya mbaya walikabiliwa na hatari ya kufa iliyokaribia mara 3 ya ile ya waliojiona wazima kabisa, hata baada ya maradhi yaliyojulikana kuingizwa katika hesabu.

Mauti, hata hivyo, si hofu pekee ya mzee, na aghalabu si kubwa kuliko zote. Wengi huchelea zaidi siku watakayohitaji mkono wa mtu mwingine katika yale mambo 6 ambayo Sidney Katz na wenzake, huko Marekani, waliyafanya kipimo cha kujitegemea mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Basi Ellen Idler na Stanislav Kasl wakaligeuza swali, wakauliza kama kauli ya mzee yaweza kuubashiri ulemavu kama ibashirivyo kifo. Wakachunguza habari za wazee 2,812 wa mji wa New Haven, waliohojiwa tangu mwaka 1982, na katika makala yao ya mwaka 1995 wakaonyesha kwamba waliosema siha yao ni dhaifu walielekea zaidi kupoteza uwezo wao katika miaka iliyofuata, hata walipolinganishwa na wenzao wenye maradhi na uwezo uleule.

Yatokeaje hayo? Mwenye nyumba hujua paa lake lavujia wapi kabla fundi hajapanda ngazi. Uchovu usio na sababu, pumzi inayokatika njiani, hamu ya chakula iliyotoweka, usingizi wa mang'amung'amu, hayo yote mzee huyajumlisha katika neno moja wakati cheti cha hospitali hakijaandika lolote. Tena hukumbuka alivyokuwa mwaka jana, na tabibu humwona leo tu. Aidha, ajionaye dhaifu huacha kutembea kwa kuogopa kuanguka, na misuli isiyotumika hunyauka, hata hofu ikazaa kile kilichohofiwa. Lakini isidhaniwe kwamba neno ndilo lilemazalo mwili: huzuni na sonona huweza kuleta jibu baya na udhaifu pia, wala mzee hatapona kwa kulazimishwa kusema yu mzima.

Swali hili la siha limeulizwa kwetu pia. Katika utafiti wa watu wa miaka 50 na zaidi uliofanywa Afrika na Asia, Ifakara na Nairobi zikiwamo, wanawake walijieleza kuwa na afya duni kuliko wanaume, ingawa wao ndio waishio zaidi. Jambo la kutafakari kwa wale wanaopuuza malalamiko ya bibi zetu. Wala maamkizi yasitwaliwe badala ya swali, kwa kuwa mtu wa pwani hujibu hajambo kwanza, homa akaitaja baadaye, na wengine huifuta kabisa mbele ya mgeni kwa ajili ya adabu.

Mzee aliyesema jana njema na leo dhaifu anastahili kuchunguzwa macho, miguu, damu, moyo na dawa anazomeza, kisha asiachwe kitini. Huko Marekani watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, waliokwisha kuanza kudhoofika, waligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Hata miaka 2.6 ilipopita kwa wastani, asilimia 35.5 ya waliopewa mafunzo ya afya tu walikuwa wameshindwa, japo kwa muda, kutembea mita 400, na katika fungu la waliofanyishwa matembezi na mazoezi ya viungo, asilimia 30.1.