Wati 10,000 Hazipiti Kwenye Soketi

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme Tabora mjini, utazame boksi lipi la sabufa limewekwa mbele. Ni lile lenye namba kubwa: wati 8,000, wati 10,000. Mkulima aliyetoka Urambo au Sikonge baada ya mauzo ya tumbaku, anayetaka wanawe waangalie filamu na mpira sebuleni badala ya kubanana kwenye kibanda umiza, huchagua kwa kuifuata namba hiyo. Namba hiyo haina maana yoyote, na inaniuma kuona fedha ya msimu mzima ikiishia hapo.

Hesabu yake ni fupi. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha, utapata wati 2,990. Huo ndio mwisho wa soketi, hata ukichomeka jiko. Karibu na namba ile kubwa utaona herufi PMPO, na hicho ni kilele cha kufumba na kufumbua ambacho kila kiwanda hukikokotoa kinavyotaka. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma kinachotaja matumizi ya umeme. Mara nyingi utakuta wati 60, au 100. Sauti inayotoka mfululizo haiwezi kuwa na nguvu kuliko umeme unaoingia. Kipimo cha kuuliza dukani ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa bila kukatika na bila kukwaruza.

Habari njema ni kwamba nyumbani hatuhitaji wati nyingi. Spika ina kipimo kingine ambacho wauzaji hawakitaji: ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Nyingi za sebuleni hutoa kati ya 84 na 90. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60, kwa hiyo taarifa ya habari haimalizi hata wati moja. Lakini kila unapotaka kuongeza desibeli 3, nguvu lazima iwe maradufu. Ndiyo maana amplifaya ya wati 20 ikiendesha spika ya desibeli 90 inafikia sauti ileile ya amplifaya ya wati 80 inayoendesha spika ya desibeli 84. Spika nzuri inakuokolea amplifaya. Kinyume chake hakipo: hakuna amplifaya, hata iwe ghali namna gani, itakayoitengeneza spika mbaya. Kwa sababu hiyo nashauri theluthi mbili ya fedha iende kwenye spika, na theluthi moja kwenye amplifaya.

Spika ngapi? Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliwasilisha hataza ya sauti ya njia mbili. Inasimuliwa kwamba alikerwa na sinema ambamo mwigizaji alivuka pazia huku sauti yake imebaki palepale. Kutoka njia mbili, majumba ya sinema yaliendelea hadi mpango wa leo wa spika tano na sabufa moja: kushoto, kulia, ya katikati kwa ajili ya maneno ya waigizaji, mbili za pembeni nyuma kidogo ya watazamaji, na sabufa kwa ngurumo. Mpango huo ni mzuri ukiwa na filamu zilizorekodiwa hivyo. Tazama basi kile tunachoangalia kwa kweli. Filamu za kutafsiriwa, zile ambazo marehemu mtafsiri Lufufu alizifanya zipendwe nchi nzima, sauti ya mtafsiri imepandishwa juu ya filamu na mara nyingi yote imebaki njia mbili, au moja. Muziki wetu ni hivyohivyo. Tabora ni mji wa dansi. Bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz ziliishi hapa, na rekodi nyingi za enzi zile ni za njia moja. Magitaa yale yanahitaji spika yenye sauti ya kati iliyo safi, na besi inayojua kukaa nyuma ya mwimbaji. Spika mbili imara zitakupa hayo yote. Spika tano nyepesi za plastiki zitakupa kelele kutoka pande tano.

Risiva ni amplifaya yenye milango ya kupokea runinga, king'amuzi na deki, kisha kuigawa sauti kwa spika. Ukiichagua, angalia mambo machache tu. Kwanza iwe na mlango wa HDMI wenye herufi ARC, na runinga yako iwe nao pia, ili sauti irudi kutoka kwenye runinga kwa waya mmoja. Runinga ikiwa ya zamani, mlango wa mwanga au zile plagi nyekundu na nyeupe zinatosha. Linganisha omu: risiva iliyoandikwa omu 6 hadi 16 usiifunge spika za omu 4, itachemka na kujizima, au itaungua. Kisha kuna mpangilio ambao wengi hawaufungui, wa kuamua besi ianzie wapi kupelekwa kwenye sabufa. Uweke hezi 80. Chini ya hapo sikio halitambui vizuri sauti inatoka upande gani, na spika ndogo zinapumzika.

Sasa umbali. Mizigo imekuwa ikiingia Unyanyembe, yaani Tabora ya kale, kutoka pwani tangu zama za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 safari ya miezi ikawa ya siku. Hata hivyo zaidi ya kilomita 800 zinabaki kati yako na Kariakoo jijini Dar es Salaam, na dhamana ya duka la Kariakoo ina thamani ndogo kwa mtu aliyeko Kaliua. Kifaa kijaribiwe mbele yako, kwa muda wa kutosha, kabla hakijafungwa kupanda basi. Kama huwezi kwenda, bora ununue kwa muuzaji wa Tabora unayemjua, hata akizidisha bei kidogo.

Kwenye vifaa vya mitumba ndiko watu wengi huumia. Risiva iliyotumika Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Tabora itapokea karibu maradufu ya uwezo wake, au zaidi, na kuungua ni suala la sekunde. Soma kibandiko kabla ya bei. Kwenye spika kuukuu ondoa kitambaa cha mbele, uguse taratibu ukingo unaozunguka koni ya besi. Ukingo wa sponji huoza kadiri miaka inavyopita, ukaanza kubomoka kama ugoro. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sponji iliyooza fundi anaweza kuibadilisha, lakini punguza bei kwa kadiri hiyo.

Na kama unaye seremala mzuri, mkoa huu una kitu ambacho miji mingi haina. Misitu ya miombo inatoa mninga, mbao inayosifika kwa kutopinda wala kujikunja ikikauka, na boksi la spika linataka hasa hilo: lisipasuke, lisitetemeke. Mbao iwe nene, iwe imekauka vizuri, viungo vibane pasipo upenyo, na ukubwa wa boksi ufuate vipimo vya spika yenyewe. Boksi la kukisia kwa macho litaharibu hata spika bora.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unaua risiva nyingi kuliko muziki wa sauti ya juu. Ifunge kwenye kile kifaa cha kulinda umeme kinachokaa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme uingie tena. Na tafadhali, akina mama na dada zangu, kitambaa cha kufuma kinapendeza juu ya kochi. Juu ya risiva kinaziba matundu ya kupumulia. Acha nafasi ya sentimita 10 juu yake, na wakati wa kiangazi, vumbi linapotanda, pitisha brashi laini kwenye matundu hayo.

Sebule yenyewe ndiyo kifaa kikubwa kuliko vyote. Ukuta wa tofali na sakafu ya vigae vinarudisha sauti mpaka maneno ya waigizaji yanapoteana. Mkeka wa ukindu ni mwembamba mno kusaidia. Zulia zito, mapazia mapana na makochi ya kitambaa ndiyo yanayoimeza. Chumba chenye urefu wa mita 5 pia hukuza besi ya hezi 34 hivi kwa sababu nusu ya wimbi lake inaingia sawasawa kati ya kuta mbili, na ndiyo maana sabufa inanguruma karibu na kuta hizo na kupotea katikati ya chumba. Iweke sabufa pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, kisha wewe zunguka kando ya kuta ukiwa umeinama. Pale besi inaposikika safi ndipo pa kuihamishia. Spika za kushoto na kulia zitoe nje ya kabati la vyombo. Nafasi kati yake ilingane na umbali wako wa kukaa, mita 2.5 kwa mita 2.5 kwa mfano, na twita, ile koni ndogo ya sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio la aliyekaa.

Mvua ya masika ikipiga bati lisilo na dari, hakuna spika itakayoshinda. Mwenye fedha ya kuchagua kati ya sabufa na dari, ajenge dari kwanza. Anayeanza kabisa anunue spika mbili za koni yenye ukingo wa mpira na risiva ndogo ya RMS wati 30 hadi 50 kila upande, asikilize mwaka mzima, kisha aongeze ya katikati na sabufa.