Kabla hujampa paka wako jani, jua ni lipi

Huku Kyuso, paka ni mlinzi wa gunia la ndengu. Siku hizi pia ni nyota wa simu, na bila shaka ushaona video za paka wanaogaagaa kama walevi baada ya kunusa majani fulani.

Mmea huo, katinipu, ni wa jamii ya minti. Harufu yake humchangamsha paka kwa dakika kama 10 hivi, kisha anatulia. Si wote wanaoushughulikia. Takriban 1 kati ya 3 hana habari nao. Majani makavu kidogo tu yanatosha, maana akila mengi anaweza kutapika au kuhara. Mafuta yake yaliyokamuliwa usimpe. Ni makali mno.

Lakini kijana, si kila jani ni dawa. Shubiri, ile kiluma ambayo wafugaji huweka kwenye maji ya kuku, humtapisha na kumharisha paka. Na ukiletewa shada lenye maua ya lili, liweke mbali kabisa: hata chavua akiilamba kwenye manyoya inaweza kuharibu figo na kumuua. Hapo usingoje kesho, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

Katinipu ikikosekana, mpira wa karatasi utamchezesha bila gharama.