Chaki na Muhuri: Mwalimu Mkuu katika Milima ya Buha

Katika shule za msingi za Busunzu na vijiji vingine vya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mwalimu mkuu ana vipindi vyake darasani kama walimu wenzake. Huandaa azimio la kazi na andalio la somo, husahihisha madaftari, kisha hurudi ofisini kwenye shajara na vitabu vya fedha. Walimu ni wachache, hivyo cheo hakimwondoi mtu ubaoni. Wanakijiji humwita "mwalimu" tu. Neno "mkuu" hubaki kwenye barua.

Jadi ya Waha, wenyeji wa Buha, iligawa madaraka. Mwami alitawala watu, mteko akasimamia ardhi na matambiko yake. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Shuleni mambo hayakugawanywa hivyo: anayefundisha ndiye pia katibu wa kamati ya shule na mtunza mali yake.

Mzigo huo huonekana asubuhi. Mzazi hufika kutaka barua ya uhamisho wa mtoto, kumbe kipindi cha kwanza kimeshaanza. Adabu ni kungoja nje, chini ya mti, bila kumwita mwalimu dirishani. Kengele ikilia, mwalimu hutoka vidole vikiwa vyeupe kwa chaki. Salamu huanza: habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa. Zikishaisha, droo hufunguliwa na muhuri hutolewa. Kukatisha salamu ili kuwahi karatasi ni utovu wa adabu, hata siku ambayo afisa elimu kata anasubiri taarifa.

Na karatasi zimezidi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, michango ya lazima ya wazazi ilipigwa marufuku, na tangu hapo shule hutegemea ruzuku iliyopangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kila matumizi yanadai stakabadhi. Mwaka huohuo mwalimu mkuu alianza kupewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Posho hiyo ni haki yake kabisa, lakini haikuleta karani. Hesabu hufungwa jioni, watoto wakishaondoka.

Hata hivyo, kumtoa mwalimu mkuu darasani kungekuwa hasara kubwa. Mtoto wa Kiha huanza darasa la kwanza akiwa na lugha ya nyumbani, ndugu ya Kirundi, ambamo nomino hutanguliwa na irabu: umwana, si mwana. Akisoma Kiswahili, irabu hiyo humponyoka mdomoni. Mwalimu aliyeisikia kwa masikio yake hujua mtoto anavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, wala si mzito wa kuelewa. Asiyetoka ofisini huona alama ya chini tu kwenye jedwali la kusoma, kuandika na kuhesabu.

Siku ya kikao wilayani, funguo hukabidhiwa mwalimu mkuu msaidizi. Kabla ya safari, mwalimu mkuu hupitia darasani kwake alfajiri na kuandika zoezi la siku ubaoni.