Ukatili Una Jinsia? Tupime Tunayoyasema

“Wauaji wengi ni wanaume.” Kweli. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2019 kuhusu mauaji duniani ilionyesha kuwa katika kila washukiwa 10, takriban 9 ni wanaume. Magereza nayo ni hivyo hivyo: wanawake hawafiki 10 katika kila wafungwa 100.

“Basi wanaouawa zaidi ni wanawake.” Si kweli. Katika kila watu 10 waliouawa mwaka 2017, wanaume walikuwa 8, na wengi wao waliuawa na wanaume wenzao.

“Mwanamke amwogope mtu baki, gizani.” Hili ndilo linaloua. Mwaka huo huo wanawake kama 87,000 waliuawa kwa makusudi, na zaidi ya nusu yao waliuawa na mume, mpenzi au ndugu. Agnes Tirop wa Kenya alikuwa ametoka kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10, mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 2021, alikutwa nyumbani kwake Iten ameuawa kwa kisu, mumewe akashtakiwa. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyetoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake. Ilikuwa nyumbani kwake, mchana. Mabinti tunawahimiza wawahi kurudi nyumbani, lakini nani anayewauliza huko nyumbani kukoje?

“Ni homoni, ndivyo wanaume walivyoumbwa.” Haitoshi. Mwaka 2015 nchini El Salvador waliuawa zaidi ya watu 100 katika kila watu 100,000. Japani haikufikisha hata mmoja. Wanaume wa nchi zote mbili wana homoni zile zile. Magenge, bunduki na kesi zisizofika popote havitoki kwenye damu ya mtu.

“Mwanamke hawezi unyama huo.” Si kweli. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na wanawake nchini Rwanda. Mwaka 2011 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, na kwa ubakaji uliofanywa na watu waliokuwa chini yake.

“Kipigo hutetewa na wanaume.” Hapa takwimu za Tanzania za 2015–16 zinaumiza. Watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, asipowatunza watoto au akimnyima unyumba. Waliokubali angalau sababu moja walikuwa asilimia 40 ya wanaume na asilimia 58 ya wanawake. Ndiyo maana binti akirudi kwao jicho limevimba, mara nyingi anayemwambia avumilie ni mama au shangazi yake. Akifika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi akafungua jalada, ndugu huitana kikao yaishe kifamilia. Kikao hicho kimnyime mumewe kinga, na jalada liende mahakamani.